Boti ya kabini ya mtumba kwa Ziwa Tanganyika: petroli mbili za mguu wa nyuma au dizeli moja ya shafti?

#1 Mzawa wa Katonga
Wakuu salaam. Tuko ndugu watatu hapa Kigoma, tumechanga, na tuna boti mbili za mtumba mezani. Zote ziko Dar. Kazi ni kupeleka wageni hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale, na mara mojamoja kushuka kusini mpaka Kipili.

Ya kwanza ni futi 28, ya 2003, injini mbili za petroli MerCruiser 4.3 V6, HP 190 kila moja, miguu ya nyuma ya Alpha One (injini ndani, mguu wenye propela nje, unainuliwa). Kabini inang'aa, ina friji, AC, jenereta ndogo ya petroli na GPS. Mita inasoma saa 420 za kazi ya injini. Ya pili ni futi 30, ya 1999, dizeli moja Yanmar 4LHA HP 230, shafti ya kawaida, saa 2,900. Kabini imechoka, haina AC wala jenereta. Bei hazipishani sana.

Msimamo wangu ni ile ya petroli. Kusi likikukamata ukiwa umeshapita mdomo wa Malagarasi na injini moja ikazima, unayo ya pili. Dizeli moja ikizima unaelekea Kongo bila viza. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kibirizi Kwetu
Hongereni kwa hatua mkuu. Tangi la hiyo futi 28 ni lita ngapi? Na Mahale mmepiga hesabu ya kwenda na kurudi?

#3 Mzawa wa Katonga
Tangi lita 380. Muuzaji anasema ikishainuka juu ya maji inakula kidogo.

#4 Fundi Dizeli
Muuzaji asikupumbaze. Injini ya petroli ya zamani ikikanyagwa mpaka mwisho inakula kama lita moja kwa saa kwa kila HP 2.7 hivi. HP 190 ni lita 70 kwa saa, na unazo mbili. Mwendo wa safari, yaani nusu ya hapo, ni lita 70 kwa saa kwa zote mbili. Mahale ni karibu kilomita 125 kutoka mjini. Kwa kilomita 40 kwa saa unatumia saa tatu na kidogo, karibu lita 220 kwenda tu. Kurudi 220 nyingine. Tangi lako 380. Na hapo sijaweka upepo wa kichwa, wala theluthi ya akiba ambayo nahodha yeyote mwenye akili anaiacha chini ya tangi.

Dizeli HP 230 ikiwa mwisho kabisa ni kama lita 44 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 26 kwa saa itakula kama 30. Saa tano kasoro, lita 145. Kwa tangi kama hilo unaenda, unarudi, na akiba kidogo inabaki.

#5 Mwanga Sokoni
Fundi hesabu zako nzuri ila umesahau mgeni. Mgeni aliyelipa dola kwenda kuona sokwe hataki kukaa saa tano kwenye dizeli inayonguruma chini ya kiti. Saa tatu anafika, anaoga, anakula. Na mwendo wenyewe ni usalama: asubuhi ziwa likiwa limelala unamaliza safari kabla upepo haujaamka.

#6 Nahodha Mstaafu
Vijana, nataka kuligusa hili la injini mbili kwa sababu linawadanganya wengi.

Injini mbili zinazonyonya tangi moja ni injini moja mbele ya mafuta machafu. Mafuta ya madumu yakiingia na maji, zitazima zote mbili, zikipishana dakika chache. Pili, boti ya futi 28 yenye tani tatu na ushei haitainuka juu ya maji kwa HP 190 za upande mmoja. Utatembea polepole huku usukani unavuta upande, na ule mguu uliokufa unaburuta maji. Utafika, sikatai. Lakini ile picha ya kwamba moja ikifa nyingine inakupeleka kama kawaida, ifute.

Mimi ningechukua dizeli moja, nikaweka breketi tezini (nyuma ya boti) na Yamaha ya kupachika HP 15 au 20, yenye tangi lake peke yake. Mfumo tofauti, mafuta tofauti, betri tofauti au kamba ya kuvuta kwa mkono. Hapo ndipo unaweza kusema una injini mbili.

#7 Mwanga Sokoni
Mzee wangu, HP 15 kwenye boti ya futi 30 na kusi la Julai? Hiyo ni ya kukuweka omo (mbele ya boti) kwenye wimbi tu, nyumbani haikufikishi.

#8 Nahodha Mstaafu
Kuweka omo kwenye wimbi ndiko kunakookoa watu, kijana wangu. Boti inazama ikigeuka ubavu.

#9 Dada wa Bangwe
Mimi naongelea mguu wa nyuma kwa sababu umetutesa. Boti ya familia ilikuwa na injini ndani na mguu nyuma. Pale mguu unapopita kwenye ukuta wa tezi kuna mpira wa mikunjo kama wa kodiani, ndio unaozuia ziwa lisiingie ndani. Asubuhi moja mlinzi anapiga simu, boti imekaa chini kwa nyuma. Pampu ya ngama, ile ya kutoa maji ya chini ya boti, ilifanya kazi usiku kucha mpaka betri ikaisha, kisha maji yakapanda yenyewe.

Tulipoutoa ule mpira hatukuona kitu. Fundi akaushika kwa mikono miwili, akaunyoosha mikunjo mmoja mmoja mbele ya taa. Kwenye bonde la mkunjo wa pili, karibu na klempu, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha. Mguu ukiwa chini mpasuko unajifunga, ukiinuliwa unafunguka. Na boti ikifungwa gatini wote tunainua mguu.

Huo mpira unabadilishwa kila miaka miwili au mitatu hata kama unaonekana mzima. Mzawa, hiyo yako ina miguu miwili. Omba risiti ya mara ya mwisho ulipobadilishwa.

#10 Mnyamwezi Halisi
Nawafuatilia nikiwa Tabora. Huo mguu wa nyuma si ndio waliouanzisha MerCruiser 1959? Kitu kimetumika zaidi ya miaka 60, kingekuwa kibovu kingeshaachwa.

#11 Kibirizi Kwetu
Karibu ndugu yetu, japo boti yako mwisho wake bwawa la Igombe 😀. Rekebisha kidogo: wa 1959 walikuwa Volvo Penta na Aquamatic yao. MerCruiser walifuata 1961. Duoprop, ile ya propela mbili zinazozunguka kinyume, ni Volvo Penta tena, 1982.

#12 Mnyamwezi Halisi
Igombe hakuna kusi angalau. Ahsante kwa marekebisho.

#13 Mtoto wa Gungu
Kwangu swali la petroli au dizeli linakuja baadaye. Kwanza boti imeishi wapi? Boti nyingi za mtumba zinazokuja huku zimetoka baharini, na injini inayopozwa kwa maji ya nje moja kwa moja imekunywa chumvi miaka yote. Manifoldi na viwiko vya ekzosti, yaani njia za kutolea moshi, vinaliwa kutoka ndani. Kwenye chumvi ni vitu vya kubadilisha kila baada ya miaka mitano hadi saba. Vikitoboka, maji yanarudi kwenye silinda injini ikiwa imezimwa.

Binamu yangu alinunua moja, imepakwa rangi, injini inameta. Fundi akafungua plagi zote sita, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Tano zilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa, sawasawa. Ya sita ilikuwa na kutu nyekundu kwenye uzi na ncha imekuwa nyeupe safi, imeoshwa. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia. Mita ilisoma saa chache sana. Saa chache zinanitia wasiwasi kuliko saa nyingi, maana boti iliyosimama miaka kumi jua likiiwakia imeoza mipira yote bila kutembea.

Kwa hiyo Mzawa, 420 kwa boti ya 2003 ni wastani wa saa 20 kwa mwaka. Ilikuwa imelala.

#14 Mzawa wa Katonga
Gungu umenigusa. Lakini 2,900 za dizeli nazo si ndio injini imeshachoka?

#15 Fundi Dizeli
Inategemea ilivyotunzwa. Petroli ya ndani, watu huanza kufikiria oveholi kwenye 1,500. Dizeli iliyobadilishiwa oili kwa wakati inafika 5,000 na zaidi. Ila turbo, kipozeo cha maji na kiwiko cha ekzosti vya dizeli navyo vikaguliwe, havina undugu na mita.

#16 Upepo wa Kusi
Nyote mmeruka jambo la huku kwetu. Ziwa liko mita 773 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo hiyo petroli imeshapoteza kama asilimia 8 kabla hujapakia mtu. Propela yake ilichaguliwa ikiwa usawa wa bahari. Ukija nayo huku, injini haifiki mizunguko yake ya juu, inafanya kazi imekabwa, joto linapanda, na baada ya misimu miwili wanasema "mashine mbovu". Mimi naamini hii ndiyo inaua boti nyingi zinazopanda kutoka pwani.

Dawa ni kupunguza pitch ya propela, yaani umbali inaosukuma kwa mzunguko mmoja. Inchi moja inarudisha kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Jaza tangi, pakia watu, kanyaga mpaka mwisho, angalia kama unafika pale kitabu cha injini kinaposema. Dizeli yenye turbo haiumizwi sana na huu mwinuko.

#17 Fundi Dizeli
Asilimia 8 haiui injini mkuu. Kinachoziua ni mafuta na haraka. Mtu anakimbiza turbo toka Gombe, anafika Kibirizi, anazima papo hapo. Oili inaungulia kwenye beringi ya turbo. Dakika tano za kuiacha ipumue hana. Chujio la kutenganisha maji na mafuta halijafunguliwa toka boti inunuliwe.

#18 Upepo wa Kusi
Mbona hata za petroli zisizo na turbo zinakufa?

#19 Maji Marefu
Kwa sababu ya maji yenyewe. Watu wanasema "maji baridi, safi, hayana chumvi" wanadhani ni ya mvua. Maji ya Tanganyika yana madini mengi na pH yake iko karibu 9. Chemsha sufuria muda mrefu uone ukoko mweupe. Huo ukoko unajijenga kwenye njia za maji za injini inayopozwa na maji ya ziwa moja kwa moja. Ndiyo maana mimi nasisitiza injini yenye mzunguko wa ndani wa kulenti na kipozeo, iwe petroli au dizeli. Kipozeo unakitoa, unakisafisha kwa asidi nyepesi, basi. Bloku hulisafishi hivyo.

Kuna na kile kipande cha kuliwa badala ya mguu, anodi. Boti zikitoka baharini zina zinki. Zinki kwenye maji baridi inajifunika gamba na kuacha kufanya kazi, halafu alumini ya mguu inaanza kuliwa yenyewe huku zinki imebaki mpya kabisa. Badilisha uweke magnesi.

#20 Mtoto wa Gungu
Kwenye anodi tuko pamoja, ila magnesi ni ya maji laini kabisa. Kwa maji yenye madini kama haya, alumini inatosha na haiishi haraka. Na boti ikirudi Dar na magnesi, chumvi itaimaliza ndani ya muda mfupi sana.

#21 Mwanga Sokoni
Mnaongea kama ziwa letu ni sumu. Meli ya Liemba imekaa ndani yake toka 1915, ina injini zake za mvuke mpaka leo inaelea.

#22 Nahodha Mstaafu
Inaelea, lakini mvuke ulishatolewa miaka ya 1970 wakaweka dizeli mbili. Na hiyo historia inamkosoa Maji Marefu kidogo. Wajerumani walipoizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiinua 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, ikarudi kazini 1927. Karibu miaka minane chini ya maji. Baharini ungeinua kutu.

#23 Maji Marefu
Mzee, ilikuwa na grisi na haikuwa inachemka! Ukoko unataka joto.

#24 Dada wa Bangwe
Turudi kwa Mzawa jamani. Hivyo vya ndani ya kabini visimvutie. AC ya nini Mahale? Usiku upepo unashuka mlimani, fungua dirisha la juu. Jenereta ya petroli ndani ya boti ni chanzo cha pili cha mvuke wa petroli na gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni pale watu wanapolala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa kwenye ngama unasubiri cheche. Kwa petroli feni ya kutoa hewa iwashwe dakika nne kabla ya kugusa swichi, na nahodha wetu wangapi watasubiri dakika nne abiria wakipiga kelele? Kwangu hiyo peke yake inatosha kuchagua dizeli.

Pesa ya AC ingeenda kwenye winchi ya nanga na mnyororo. Kule Gombe na Mahale mlima unaingia majini kama ulivyo. Ukitoka ufukweni kidogo tu kina kimeshakuwa makumi ya mita. Kuvuta nanga kwa mkono alfajiri wakati boti inasukumwa kwenye mawe si mchezo. Kipima kina chenye kioo kizuri kije kabla ya friji.

#25 Kibirizi Kwetu
Dada umenena. Ila na mimi niwe mkweli kuhusu shafti: Gombe tunapandisha omo kwenye mchanga, wageni wanaruka. Mguu wa nyuma unauinua. Propela ya shafti iko chini ya tumbo, hainuliwi. Na gati lenyewe si la kutegemea, 2020 na 2021 ziwa lilipopanda kuna magati yaliyomezwa. Dizeli ya shafti itahitaji kimtumbwi cha kushushia watu kila safari.

Halafu Alpha One pampu yake ya maji iko ndani ya mguu, ukigusa mchanga huku inazunguka inanyonya mchanga na impela (kipangaboi cha mpira cha pampu) inakwisha. Bravo, mguu mwingine wa MerCruiser, pampu iko mbele ya injini, unaibadilisha boti ikiwa majini.

#26 Mwanga Sokoni
Na nyavu je? Usiku wavuvi wa dagaa wametanda na taa. Mguu unainua, unakata uzi, unaondoka. Shafti unazamia na kisu gizani.

#27 Gari Kubwa
Salaam wote. Hiyo Yanmar si ile ya Land Cruiser? Mafundi wa 1HZ wamejaa Kigoma nzima, spea tatizo liko wapi?

#28 Fundi Dizeli
Umechanganya mbili mkuu. Inayotokana na Toyota ni Yanmar 6LP, silinda sita, lita 4.2, na bloku lake ni familia ya 1HD yenye turbo. 1HZ haina turbo toka kiwandani. Ya Mzawa ni 4LHA, silinda nne, lita 3.5, ya Yanmar wenyewe. Fundi wa Land Cruiser ataielewa, nozeli na pampu atazifanyia kazi, lakini kipozeo, impela na kiwiko cha ekzosti ni vya baharini tu. Aagize seti mbili kabla boti haijapanda lori.

Na 4.3 ya petroli ni V8 ya Chevrolet 5.7 iliyopunguzwa silinda mbili. Injini ngumu, siibezi. Lakini Chevrolet ngapi umeziona Kigoma?

#29 Mvuvi wa Migebuka
Nashangaa hakuna aliyesema jambo la wazi. Chukua ile futi 28 kwa bei ya kuvunja moyo, toa injini zote mbili na miguu, ziba ukuta wa tezi, weka Yamaha mbili za kupachika. Kila kijiji toka hapa mpaka Kasanga kuna mtu anayeijua Yamaha. Impela, plagi, propela unavikuta dukani. Ikifa unaifungua, unaibeba begani.

#30 Nahodha Mstaafu
Ya HP 40 unaibeba. F150 ina kilo 200 na zaidi, nani ataibeba? Na ule ukuta haukutengenezwa kubeba uzito nyuma yake. Ndani ni plaiwudi. Kwanza ugonge na nyundo ndogo ya mbao kila kiganja: sauti kavu ni nzima, sauti butu imelowa.

#31 Mvuvi wa Migebuka
Plaiwudi ikiwa imelowa hata hiyo miguu haitafaa, mzee. Kwa hiyo nyundo ni ya wote.

#32 Gari Kubwa
Kwa usafiri mimi ndiyo kazi yangu. Futi 28 au 30 upana wake ni kama mita tatu. Huo ni mzigo mpana, kibali kinatafutwa mapema na usiku hautembei. Radaa, tao la nyuma na paa la juu vinafunguliwa vishuke, kimo cha mzigo ndicho kinachowasumbua madereva kwenye nyaya. Ya shafti inahitaji fremu ya kuilalia, usiikubali ikalishwe juu ya propela na usukani. Na ongeeni na TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, kabla ya kununua. Boti ya abiria itakaguliwa: jaketi okozi, vizima moto, uthabiti, injini. Yenye petroli na jenereta ndani wataiangalia zaidi.

#33 Mzawa wa Katonga
Nawashukuru. Ndugu zangu wamegawanyika, kaka mkubwa kahamia dizeli baada ya hesabu ya #4, mdogo bado yuko na petroli kwa ajili ya Gombe, maana Gombe ni jirani na mafuta yanatosha. Mimi #24 na #25 wananivuta pande mbili. Jumamosi tunakwenda Dar na fundi kuziwasha zote. Tuanzie wapi?

#34 Fundi Dizeli
Mwambie muuzaji asiwashe kabla hamjafika. Gusa bloku. Likiwa la moto, rudini kesho. Dizeli baridi ikiwaka, moshi mweupe kidogo unaopotea ndani ya dakika chache si shida. Wa bluu ni oili inaungua, mweusi ukikanyaga ni turbo, hewa au propela kubwa. Vuta kijiti cha oili ya giaboksi pia. Chukua oili kidogo ya injini kwenye chupa, ipelekwe maabara.

#35 Mtoto wa Gungu
Kwa petroli, pimeni kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote 12, zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Legeza skrubu ya chini ya kila mguu, itoke oili matone machache. Ikitoka kama maziwa, maji yameshaingia.

#36 Upepo wa Kusi
Na mkanyage mpaka mwisho mkiwa na tangi limejaa, muandike mizunguko. Mkiwa usawa wa bahari ikifika chini ya kitabu, huku itakuwa mbaya zaidi.

#37 Mwanga Sokoni
Bado nasema petroli. Kwa Gombe.

#38 Kibirizi Kwetu
Mwanga, kwa Gombe peke yake hata kabini haihitajiki 😀. Mzawa, ile ya shafti ikiwa nje ya maji shika propela, itikise juu chini. Ikicheza, bushi ya mpira imekwisha na bei ishuke. Kisha angalia pale shafti inapoingia ndani: wakati wa kutembea inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika. Kavu kabisa na ya moto mkononi, wameikaza ili msione maji.

#39 Dada wa Bangwe
Na pampu za ngama mzijaribu kwa kumwaga ndoo ya maji, msibonyeze swichi tu. Boya la pampu likiwa limekwama, swichi itawadanganya.